Mbaazi Zilizofungwa Vifuko

Vijana wangu mnaokuja hapa Nangara, mjini Babati, na mikoba ya kompyuta mgongoni, shikamoo zenu nimezipokea zote. Viti vyangu vya plastiki mmevikalia, chai mmekunywa, na kila mmoja kwa zamu yake ameniuliza swali lile lile: Dokta, nafasi za uzamivu wa sayansi ya mimea zinapatikanaje? Nitawajibu, ila kwanza tuongee kuhusu hilo jina la Dokta.

Hapa mtaani dokta ni mtu wa sindano. Nilipostaafu tu, jirani yangu mmoja alinibishia hodi asubuhi, mguu umemvimba. Nikamweleza kwamba mimi ni daktari wa mbaazi. Akanitazama, akautazama mguu wake, akaniuliza kama basi siwezi hata kuuangalia, maana amevuka barabara kwa shida. Nikauangalia, nikamwambia umevimba, akaondoka ameridhika.

Lakini si mguu wa jirani unaonifanya nilionee aibu jina hilo. Nalionea aibu kwa sababu ya siku niliyopewa. Huko nitafika, ila nitazunguka kidogo, kwa sababu mna maswali yenu na ninyi hamjaja kunisikiliza nikijuta.

Nafasi zipo. Zinatangazwa kwenye mitandao ya vyuo, na nyingine zinakuja kama ufadhili wa mradi: profesa amepata fedha za kutafiti ugonjwa fulani, anatafuta wanafunzi wa kumfanyia kazi. Kosa lenu ni moja. Mnaandika barua pepe ya namna moja, mnabadilisha jina juu, mnawatumia maprofesa wote wa nchi. Nawajua kwa sababu na mimi nilifanya hivyo hivyo. Mimi nilikuwa fundi sanifu wa utafiti, miaka mingi nimewabebea watu wengine mizani na vibao vya kuandikia majina ya mimea, na nilipoamua kuomba nilikuwa tayari naitwa bibi. Niliandika barua moja nzuri sana, nikaituma kwa maprofesa wawili, na kwa huyu nikasahau kubadilisha jina la yule. Alinijibu siku ile ile: "Mama, barua yako nimemfikishia mwenyewe, ofisi yake ni ya pili kutoka kwangu." Nilizima kompyuta nikatoka nje nikasimama.

Huyo mwenyewe ndiye Profesa Denis, aliyekuja kuwa msimamizi wangu. Kwa hiyo msije mkaniambia aibu haina faida hata kidogo. Lakini ninyi fanyeni inavyotakiwa: someni kazi ya huyo mtu, hata makala mbili tu, mwandikieni nusu ukurasa mmweleze ni kitu gani mmekiona shambani ambacho yeye hajakijibu. Profesa anapenda kuulizwa. Kusifiwa amezoea.

Usaili nilifanyiwa kwa mtandao, hapa hapa mjini, kwenye chumba nilichoazimwa karibu na soko. Nilivaa vizuri, nikaweka kompyuta juu ya vitabu ili nionekane uso mzima. Wakaniuliza nini hasa kinachonisukuma nisome uzamivu katika umri wangu. Nikavuta pumzi nijibu, na dirishani akapita yule kijana wa kipaza sauti: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, panya wakubwa kwa wadogo. Akasimama pale pale chini ya dirisha. Ikabidi nisubiri mpaka amalize panya wake wote. Mmoja wa wasaili alikuwa anafuta machozi. Tafuteni chumba cha nyuma.

Nilichowajibu, kipaza sauti kilipoondoka, kilikuwa kweli. Niliwaambia mbaazi zinakufa. Ninyi mliozaliwa huku mnaujua mnyauko: mmea unakua vizuri, unafika kiunoni, unatoa maua, halafu asubuhi moja majani yamelegea kana kwamba umemwagiwa maji ya moto. Ukipasua shina unakuta mstari mweusi. Kuvu wake anakaa kwenye udongo miaka, na ukirudia mbaazi hapo hapo unamlisha. Nilitaka kutafuta mimea inayobaki hai katika shamba gonjwa, kuchukua mbegu zake, kuzipanda tena kwenye ugonjwa, na kuendelea hivyo mpaka nipate mbaazi ambayo mkulima wa hapa anaweza kuipanda bila hofu. Ndicho nilichotaka, na nilitaka kukimaliza kabla sijastaafu, kwa sababu ufadhili ule ulikuwa wa mtu aliye kazini. Siku ya kustaafu ungekatika, na mimi ningerudi nyumbani na nusu ya digrii.

Profesa Denis ni mdogo kwangu. Analingana na mtoto wangu wa pili. Siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwake aliinuka akaniamkia shikamoo, halafu akakumbuka yeye ndiye profesa, akakaa. Mimi nikajibu marahaba halafu nikakumbuka mimi ndiye mwanafunzi, nikainuka. Tukaendelea hivyo miaka yote. Nikikosea haniambii umekosea. Ananiambia, "Mama, labda tungeweza kufikiria vinginevyo hapa." Nikifika nyumbani natumia wiki nzima kujua kwamba maana yake ni futa sura yote. Kama mnaweza, tafuteni msimamizi anayeweza kuwafokea. Anayekuonea haya atakuacha utumbukie shimoni huku anakuombea.

Na haya, wanangu, ndiyo iliyoniponza hata mimi.

Shamba gonjwa nililipata Bonga, nje kidogo ya mji, kwa Mama Emanuel. Kumwendea mtu na kumwambia naomba shamba lako kwa sababu limeoza ni kazi. Nilimaliza soda mbili nikisifia mahindi yake. Mwisho akaniuliza yeye mwenyewe, "Wewe umekuja kwa ajili ya kile kipande cha chini kinachoua mbaazi, si ndiyo?" Nikasema ndiyo, mama. Akanipa. Ni mwanamke wa makamo ya dada yangu mkubwa, mjane, mzee wa usharika wa Kilutheri. Wao na sisi wote tumetoka milimani Mbulu, ingawa mimi ni Mkatoliki na hilo alilitaja mara moja tu.

Mwaka wa kwanza tulipanda, mbaazi zikafa vizuri. Msishangae, tulitaka zife. Zilizobaki tulichukua mbegu. Mwaka wa pili tukapanda hizo mbegu mahali pale pale, na mpaka wakati wa maua mimea mingi ilikuwa imesimama mikavu kama fito, na katikati yake ile michache ya kijani. Hiyo michache ndiyo ilikuwa uzamivu wangu. Sikuwa na nyingine mahali popote duniani.

Sasa mbaazi ina tatizo lake. Nyuki akitoka kwenye ua la mbaazi ya jirani akaja kwenye ua lako, mbegu utakayopata haijulikani ni ya nani. Kwa hiyo kabla maua hayajafunguka unayafunga kwa vifuko vya chandarua, unakaza uzi taratibu usivunje kitawi, ua linajichavusha lenyewe humo ndani, na unaandika kibao kwa penseli. Penseli, si kalamu. Wino wa kalamu unaondoka na umande wa kwanza, na mimi nimewahi kubaki na vibao vyeupe kama sahani, sijui kipi ni kipi. Ukishafunga, hakuna kugusa mpaka maganda yakauke.

Mama Emanuel alikuja akanikuta nafunga. Alikuwa na shemeji yake, mzee wa heshima, amevaa koti lake la Jumapili siku ya kazi. Mama Emanuel akaniuliza, "Hivi vifuko ni vya nini, Mama Paskali?"

Swali rahisi. Kwenye maabara ningelijibu nikiwa natafuna. Lakini pale kulijibu ni kusema dume na jike, ni kusema chavua ya huyu isimwingie yule, ni kueleza nani anapandwa na nani, mbele ya mama mzee wa kanisa na shemeji yake, watu ambao hawakai hata benchi moja. Kwetu milimani hayo huyasemi mbele ya mtu na shemeji yake, hata kama ni ya maua. Nikaona uso wangu unapata moto. Nikasema, "Hizi tumezitenga, mama. Ndizo za muhimu kwa Profesa akija. Zisiguswe na mtu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu. Shemeji naye akaitikia. Wakaondoka.

Profesa alikuja mwezi wa saba, ile baridi ya hapa Babati inapokaba. Alikuja na dereva. Nilikuwa nimepanga aende moja kwa moja shambani akaone mimea, lakini mnajua wenyewe, mgeni hapelekwi shambani na njaa. Mama Emanuel alitutoa kwenye gari akatukalisha ndani. Alikuwa ameweka vitambaa vya kufuma kwenye viti vyote. Tukanawishwa mikono. Akaleta ugali, maziwa ya mgando, na bakuli kubwa la mbaazi mbichi zilizoungwa kwa vitunguu na samli.

Profesa alikula. Huyu mtu shamba analijua kwa vitabu na kwa kweli pia, lakini nyumbani kwake nadhani anakula wali kila siku. Alimaliza sahani akaongezewa. Akasema, "Mama, mbaazi tamu hivi sijawahi kula."

Mama Emanuel alifurahi mpaka akakaa. Akasema, "Ni zako, baba. Ndizo zile ulizotunziwa."

Mimi nilikuwa na tonge mdomoni. Nikageuza macho kwenye mlango uliokuwa wazi, na nje, kwenye wigo wa miti, nikaviona vifuko vyangu. Alikuwa amevifua. Alikuwa amevianika vyote, kimoja kimoja, vimekunjuliwa vizuri, ili anirudishie visafi. Tonge lilikuwa mdomoni na nilijua ni nini, na sikuweza kulitema mbele ya mwenye nyumba. Nikalimeza. Mkono ukaendelea kwenda kwenye bakuli wenyewe, kwa sababu nikiacha kula ataniuliza kwa nini, na nilimaliza sahani yangu. Sijui kama nimewahi kuona aibu ya namna ile. Nilikuwa naila kazi yangu na kushukuru.

Shambani tulikwenda kwa sababu tulikuwa tumesema tutakwenda. Mimea ilikuwa imesimama, mizima, haina ganda hata moja, na vibao vyangu vya penseli vimebaki vikining'inia. Profesa alisimama akavisoma vibao viwili vitatu. Akaelewa. Nikaona anavyoelewa, kuanzia shingoni. Angekuwa mtu wa kufoka angefoka, lakini angemfokea nani? Mimi ni mama yake kwa umri, mwenye shamba amemlisha, na yeye mwenyewe ameongezewa. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mama, labda tungeweza kufikiria vinginevyo hapa." Mimi nikakaa chini kwenye udongo na sketi yangu nzuri.

Dereva ndiye aliyemwambia Mama Emanuel. Alikuwa kijana mdogo, akaniona nimekaa udongoni, akauliza, akaambiwa, akaenda kuaga jikoni na kumwaga yote. Kwamba, mama, mmepika shule ya huyu bibi.

Jumapili iliyofuata nimetoka misa, nimevua viatu, nikasikia hodi. Alikuwa Mama Emanuel, shemeji yake na mzee mwingine wa usharika wao. Wamebeba kuku jike. Wamevaa kama watu wanaokwenda kuposa. Waliingia, wakakaa ukingoni mwa viti, na yule mzee wa usharika akasema wamekuja kuomba radhi. Nikasema hapana, wazee wangu, kosa si lenu, mimi ndiye sikueleza. Shemeji akasema nisiwasaidie kubeba, mzigo wanaujua. Nikasema tena. Akasema tena. Mama Emanuel muda wote anatazama sakafu. Yule mzee wa usharika mwisho akaniambia kwa upole kabisa, "Mama Paskali, sisi hatuwezi kuondoka na radhi yetu mkononi. Ukikataa leo, Jumapili ijayo tutakuja na watu zaidi."

Basi nikawasamehe. Watu watatu walionizidi umri, nimewakalisha kwangu, nawaambia nimewasamehe kwa kunilisha. Kuku nikampokea. Walipoondoka nilimfungia kuku bandani na sikumchinja, alikufa kwa uzee wake.

Sasa hapa chukueni elimu kidogo, msije mkasema nimewapa aibu tupu. Mbaazi si mahindi. Ukiichuma maganda machanga na mizizi ikawa mizima, ikipata unyevu kidogo inatoa maua tena. Tulichohitaji ni mimea ile ibaki hai mpaka ichanue mara ya pili. Shida ni kwamba baada ya mavuno mashamba yote ya Bonga yanaachiwa mifugo, ng'ombe wa kila mtu wanaingia kwa kila mtu kula mabua, na hakuna anayelalamika, ndivyo ilivyo. Huwezi kuzuia ng'ombe wa mtaa mzima kwa sababu ya mimea ya bibi mmoja wa Nangara.

Mama Emanuel aliwazuia. Alihamishia kigoda chake kule chini, akakaa pale mchana kutwa na fimbo, anafuma vitambaa vyake. Jioni anabeba ndoo ya maji. Watu wakawa wanapita barabarani wakimtania kwamba anachunga kuni. Nilikuwa nikishuka kwenye bodaboda namwona kwa mbali amekaa kwenye lile jua. Nilimwomba anipe nafasi nimwekee mtu wa kulinda. Akasema, "Acha. Nikikaa nyumbani ndiyo naona aibu zaidi."

Maua yakaja. Machache, lakini yakaja. Siku ya kuyafunga nikamwita, peke yake bila shemeji, nikaamua kumweleza kila kitu. Nikaongea nikiwa natazama kibano changu. Nikasema ndani ya ua sehemu hii ni ya kiume, hii ya kike, nyuki ndiye anayebeba, mbaazi ya nje ikiingia humu mtoto si wetu. Nilikuwa natoka jasho. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Ni hayo tu?"

Nikasema ni hayo tu.

"Mimi nimezalisha mbuzi maisha yangu yote, Mama Paskali. Ulikuwa unanificha nini?" Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu mwezi wa saba. Mimi sikuweza kucheka.

Kwa hiyo wanangu, hili ndilo la kwanza kabisa katika mafunzo ya uzamivu, na hakuna chuo kinachofundisha. Kabla hujafunga ua hata moja, mweleze mwenye shamba kazi yako yote, hata ile sehemu inayokuchoma uso. La pili, mbegu zako ziweke sehemu mbili. Mimi nilikuwa na sehemu moja, na ilikuwa bakuli.

Mbegu za maua ya pili zilitosha kupanda mwaka wa tatu, lakini pungufu sana kuliko nilivyoahidi kwenye andiko la utafiti. Mimea mingine iliyofanya vizuri haikuchanua tena, ikapotea na kila kitu chake. Katika tasnifu pale palikuwa na pengo, jedwali lenye meno yaliyong'oka. Nikamuuliza Profesa niandike nini. Akazunguka zunguka, akasema tungeweza labda kusema sampuli zilipotea kwa sababu za kishambani. Nikaandika hivyo. Sentensi ilikuwa kweli. Nilikuwa nikiisoma, nageuza ukurasa haraka.

Utetezi wa tasnifu nilifanyia hapa Babati, kwa mtandao, safari hii chumba cha nyuma. Mtahini wa nje alikuwa nchi nyingine, wengine chuoni, kila mtu kwenye kidirisha chake. Nilikuwa nimebakiza wiki chache kustaafu. Nisipofaulu siku ile hakukuwa na siku nyingine. Nilimwalika Mama Emanuel kwa sababu nilitaka aone. Alikuja na kitenge kipya na kanga begani, akakaa kiti cha mbele kabisa. Kiingereza hakijui hata kidogo, lakini kila nilipomaliza kujibu alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama yuko ibadani.

Mtahini aliuliza mengi nikajibu. Halafu akafika kwenye lile pengo. Akauliza, kwa Kiingereza chake cha polepole: hizi sababu za kishambani ni zipi hasa? Akasema anauliza kwa sababu mtu mwingine anaweza kudhani mimea iliyopotea ilikuwa ile isiyounga mkono matokeo yangu, na mimi nikaiondoa.

Alikuwa ananiuliza kama mimi ni mwongo, kwa adabu. Na jibu lililo salama lilikuwepo mdomoni: mwenye shamba alizichuma kwa kutojua. Ni kweli. Lingepita. Na huyo mwenye shamba amekaa mbele yangu anatabasamu, na asingejua milele kwamba nimemtwisha. Nilimtazama. Nikashindwa.

Nikasema tulizila. Nikasema nilikuwa naona haya kueleza mambo ya uchavushaji kwa mtu anayenizidi umri, nikamwambia nusu, na yeye kwa nusu ile akawapikia wageni kwa heshima. Nikasema mimi mwenyewe nilikula, na nilipojua ninachokula nikaendelea.

Mtahini akauliza, mmekula ninyi akina nani?

Profesa Denis akafungua kipaza sauti chake. Alikuwa ameinamisha kichwa, nikaona upara tu. Akasema, "Na mimi nilikula. Niliongezewa."

Mtahini hakucheka. Akaandika kitu, muda mrefu, akasema basi sentensi ile ibadilishwe, iandikwe kama ilivyokuwa, na kwamba yeye hana swali jingine. Nilikuwa nimepita, nilijua kwa namna alivyofunga kalamu yake.

Mama Emanuel akanivuta mkono. Alikuwa amesikia neno Bonga, na kwenye kompyuta alikuwa ameona nyuso zimebadilika. Akaninong'oneza, "Wameuliza nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia wameuliza mbaazi za mwaka ule zilikwenda wapi, na nimesema ukweli, nimesema tulizila, na kosa nimelichukua mimi. Nilimwambia nikitegemea atafurahi.

Akaionyesha kompyuta kwa kidole. "Umewaambia hawa? Wa nje huko?"

"Ndiyo, mama."

"Kwamba nilimpikia mgeni mbegu."

"Kwamba mimi ndiye sikukueleza."

Akavuta kanga yake kutoka begani, taratibu, akajifunika uso wote. Kutoka ndani ya kanga nikamsikia anasema, bila hasira, "Ungesema ni ng'ombe waliozila, Mama Paskali. Nilikaa pale miezi yote ile watu wanione nafukuza ng'ombe, ili ukiulizwa useme ni ng'ombe."

Sikuwa nimelijua hilo. Kwenye kompyuta mwenyekiti alikuwa anatangaza, wakaanza kupiga makofi, na sauti ya Profesa ikaniita Dokta kwa mara ya kwanza, akarudia, kwa sababu sikuitika. Nilikuwa nimeinama mbele ya kiti cha Mama Emanuel, nimeshika pindo la kanga, namwomba anionyeshe uso wake, na hakunionyesha.